Promenade au Casanova: uanzie wapi na The Divine Comedy?

Andika The Divine Comedy kwenye simu yako na utakayekutana naye kwanza ni Dante Alighieri, na utenzi wake wa mistari 14,233 unaoanzia jehanamu, ukapita toharani na kuishia peponi. Anayetafuta muziki inabidi aongeze neno moja: Hannon. Neil Hannon, aliyezaliwa Derry, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1970, ndiye bendi. Tangu kundi lianze mwaka 1989 katika mji wa Enniskillen, wapigaji wameingia na kutoka, lakini mtunzi na mwimbaji ni yuleyule. Jina ni la Dante. Ndani ya nyimbo Dante mwenyewe ni wa kutafutwa kwa tochi. Hata ule wimbo wake mmoja unaotaja waandishi lukuki, ambao tutaufikia, hakumpa nafasi.

Muziki huu Waingereza wameuweka kwenye fungu wanaloliita chamber pop, yaani pop ambayo violini, chelo, oboe (zumari ya Kizungu) na piano hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na gitaa la umeme. Albamu zake zimepita kumi, na mgeni akiuliza aanze na ipi, majibu huwa mawili. Wengi watamwambia Casanova ya mwaka 1996, kwa sababu ndiyo iliyomtoa. Wachache wabishi, na mimi nimo, tutamwambia Promenade ya mwaka 1994. Zote mbili zilitolewa na Setanta, lebo ndogo ya London iliyokuwa ikiwashika mkono wanamuziki wa Ireland, na zote mbili Hannon alizitayarisha pamoja na Darren Allison, ambaye pia ndiye aliyepiga ngoma. Zimepishana miaka miwili tu. Hata hivyo kila moja inadai msikilizaji wake, na ukiikosea ya kwanza kuna hatari ya kuikataa bendi nzima.

Promenade: siku moja kando ya bahari

Hii ni hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wapenzi wawili wanaitumia siku yao pwani. Inaanza na kuoga, halafu baiskeli inateremka mlima, samaki wanaliwa, mvua inawakuta njiani, wanapanda gurudumu kubwa la bembea, wanazungumzia sinema za Kifaransa, wanakumbuka utoto, wanalewa, na saa sita ya usiku inawakuta bado macho. Nyimbo ni 12 na kila moja imekaa mahali pake. Mwenye tabia ya kuichanganya orodha ili simu imchagulie atakuwa ameikata hadithi vipande, kisha atalalamika kwamba haieleweki.

Vyombo ni vichache. Violini na chelo zinarudia vifungu vifupi vya muziki kwa kasi, oboe inapita juu yake, na ngoma zinakuja pale zinapohitajika tu. Anayemjua mtunzi Michael Nyman atasikia alama zake mara moja, na Hannon hajawahi kulificha hilo. Msikilizaji wa kwetu ana bahati yake hapa. Aliyezoea taarabu asilia, ya Ikhwani Safaa kwa mfano, anayekaa kumsubiri mwimbaji huku fidla na qanuni zikimaliza utangulizi wao bila haraka, hatashangaa kusikia nyuzi zikiubeba wimbo peke yake.

Wimbo wa kujipimia ni The Booklovers. Hannon anawataja waandishi wa riwaya mmoja baada ya mwingine, akianza na Aphra Behn wa karne ya 17, na kila jina linafuatwa na jibu fupi, sauti ya kuigiza au utani. Ndugu watatu wa Brontë wanaitika kwa zamu, wa mwisho kwa wasiwasi kidogo. Joseph Conrad anajitangaza mwenyewe kuwa ni mwandishi wa kuchosha. Dakika zinapita, ni majina tu. Kisha kinaingia kiitikio, ambacho asili yake ni shairi la Horace, mshairi wa Roma ya kale: heri mtu yule anayeweza kusema siku ya leo ni yake. Hapo ndipo orodha inageuka. Karibu wote waliotajwa ni marehemu, na katikati ya majina yao kijana wa miaka ishirini na kitu anatangaza kwamba yeye anataka kuishi leo. Ukifika kiitikio cha pili huku unatabasamu, albamu hii ni yako. Ukijikuta unaangalia dakika zilizobaki, usijilazimishe. Nenda moja kwa moja Casanova.

Wimbo mwingine wa kuusikiliza kwa makini ni Don't Look Down. Wapenzi wako juu ya lile gurudumu, muziki unapanda ngazi kwa ngazi pamoja nao, na huko juu Hannon anaanza kubishana na Mungu. Ubishi huo una ladha zaidi ukijua kwamba baba yake alikuwa askofu wa Kanisa la Ireland, dayosisi ya Clogher. Hakuna chuki ndani yake. Ni ujeuri wa mtoto wa nyumba ya kanisa aliyesoma vitabu vingi akaanza kuuliza maswali mezani.

Na mwisho kabisa kuna Tonight We Fly. Violini zinakimbia, wapenzi wanaruka juu ya mapaa ya nyumba, juu ya marafiki na maadui, na wimbo unafikia wazo kwamba kama pepo haipo, basi hatukupungukiwa na kitu, maisha haya yametosha. Kwa bendi iliyojipa jina la utenzi unaoishia peponi, hilo ni jibu zito kwa Dante, hata kama halikukusudiwa hivyo. Kwa miaka mingi wimbo huu umekuwa wa kufungia maonyesho yake, na ukiusikia utaelewa kwa nini ni vigumu kuimba kitu kingine baada yake.

Ila za Promenade zipo. Kijana anajionyesha. Anataka ujue amesoma, ametazama sinema, anajua mvinyo. A Seafood Song, kwa mfano, ni mzaha wa mezani tu, ukiisha umeisha. Neptune's Daughter inavuta mwendo mpaka albamu inakaribia kusimama. Sauti yake pia bado ni changa, haijafika ule uzito uliokuja kumtambulisha. Na kama wewe hupati raha bila mdundo wa kukutikisa bega, sehemu kubwa ya albamu hii itakupita.

Casanova: suti, tarumbeta na utongozaji

Mwaka 1996 redio za Uingereza zilikuwa za bendi za gitaa kama Oasis, Blur na Pulp. Hannon akaingia katikati ya kelele hizo akiwa na suti, okestra na albamu nzima kuhusu wanaume wanaokimbiza wanawake, iliyopewa jina la Giacomo Casanova, yule mtongozaji wa Venice wa karne ya 18. Ikashika. Something for the Weekend ilifika namba 14 kwenye chati ya Uingereza, na The Frog Princess namba 15. Albamu yenyewe haikupanda sana, lakini kuanzia hapo jina lake likawa la kuulizwa dukani.

Tofauti unaisikia kabla hata ya kuelewa maneno. Besi na ngoma ziko mbele, tarumbeta zinapiga kelele pale Promenade ingenong'ona, na sauti imeshuka ikawa nzito, ya mtu aliyemsikiliza sana Scott Walker, mwimbaji wa sauti nzito na okestra. Promenade unaisikiliza umekaa. Casanova unaweza kuiweka ukiwa jikoni na bado ikakufikia, maana viitikio vyake vinaingia haraka na kung'ang'ania.

Something for the Weekend ni kisa kamili. Mwanamume anadhani amepata. Mwanamke anamwambia anaogopa, kuna kitu kwenye banda la kuni. Jamaa, akitaka kuonekana shujaa, anakwenda kuchungulia, anapigwa kichwani na kufungwa kamba, na akizinduka mwanamke hayupo, gari halipo, na pesa hazipo. Yote haya yameimbwa kwa furaha kubwa, tarumbeta zikishangilia, kana kwamba bendi ilikuwa upande wa wale majambazi. Huo ndio ufunguo wa albamu: mtongozaji anachekwa kuliko anavyosifiwa. Asiyelishika hilo atamwona Hannon mhuni wa kawaida.

The Frog Princess inachezea kipande cha wimbo wa taifa wa Ufaransa. A Woman of the World inamzunguka mwanamke wa aina ya Holly Golightly, yule wa hadithi na filamu ya Breakfast at Tiffany's. Na Songs of Love, ambao pengine ndio mzuri kuliko yote, muziki wake tayari ulikuwa ukisikika majumbani kabla albamu haijatoka: ndio uliofungulia Father Ted, kichekesho cha televisheni kuhusu mapadri watatu wa Ireland, kilichorushwa na Channel 4 kati ya 1995 na 1998. Kwenye televisheni ulikuwa muziki mtupu. Hapa umepewa maneno, na unamhusu mtu aliyejifungia chumbani akiandika nyimbo za mapenzi wakati wenzake wako nje wakipendana. Sijui wimbo mwingine unaoeleza kazi ya mtunzi kwa ukweli na kejeli za kiasi hicho.

Karibu na mwisho albamu inapata giza. Through a Long & Sleepless Night ni usiku mrefu wa mtu asiyeweza kujisamehe, na The Dogs & the Horses, wimbo wa kufungia, unakuja na okestra nzima kuimba habari za kuzeeka na kufa. Wengi walionunua kwa ajili ya mzaha hawakutarajia kufikishwa huko.

Ila zake? Utani wa kitandani ni mwingi, na sehemu nyingine unajirudia. Charge inageuza vita kuwa kitanda, au kitanda kuwa vita, mpaka mtu anaona basi, tumeelewa. Wanawake wa albamu hii wengi wao ni picha ukutani, tofauti na yule wa Promenade ambaye yumo ndani ya hadithi kama mshiriki. Mwaka 1996 hilo halikusemwa sana. Leo linasikika wazi. Halafu kuna suala la mazingira: hii si albamu ya kuifungulia sebuleni wakwe wakiwepo, hasa kama Kiingereza chao ni kizuri.

Kwa hiyo wewe uchukue ipi?

Kama kawaida yako ni kukaa na albamu toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, chukua Promenade. Kama umesomea fasihi, au unapenda vitabu tu, chukua hiyohiyo, na usome orodha ya majina ya The Booklovers huku ukisikiliza. Utapata waandishi wa kutafuta mwaka mzima. Kama muziki kwako ni wa safarini na kazini, wa kusikilizwa vipande vipande, chukua Casanova, maana kila wimbo unajitegemea. Kama unapenda utani na hukasiriki mtunzi akijifanya mtu mbaya, Casanova tena.

Kuhusu Kiingereza, watu huogopa bure. Hannon hutamka kila neno, huenda ni malezi ya mimbari, na hapotezi silabi. Casanova ni nyepesi zaidi kuifuata kwa sababu ina visa vyenye mwanzo na mwisho. Promenade ina maneno magumu machache lakini marejeo mengi, na anayeyakosa marejeo bado anabaki na muziki.

Mimi nikilazimishwa kubaki na moja, ni Promenade. Casanova ni kazi ya mtu aliyejua anataka kupendwa na umma na akafaulu. Promenade ilifanywa na mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimsubiri, na ndiyo maana ina uthubutu ambao baadaye aliupunguza.

Kama zote mbili hazikukai

Kuna watu ambao nisingewapa yoyote kati ya hizo. Mwenye bando dogo au subira fupi namwelekeza A Short Album About Love ya mwaka 1997: nyimbo saba, kama nusu saa, zilizorekodiwa na okestra ikipiga papo hapo ndani ya ukumbi wa Shepherd's Bush Empire, London. Everybody Knows (Except You) humo ndani ni wimbo wa mapenzi usio na kejeli hata kidogo, jambo adimu kwake. Mipangilio ya okestra ya miaka hiyo ina mkono mkubwa wa Joby Talbot, aliyekuja baadaye kutunga muziki wa baleti ya Alice kwa jukwaa la Royal Opera House na ule wa filamu ya Wonka ya mwaka 2023, ambayo nyimbo zake zilitungwa na Hannon. Urafiki wao wa kikazi umedumu.

Fin de Siècle ya 1998 ndiyo yenye National Express, wimbo unaojulikana kuliko yote, kuhusu safari za basi, uliofika namba 8 mapema mwaka 1999. Ukija kwa ajili ya huo tu utastuka, maana zilizobaki ni nzito, na okestra imejaa mpaka mlangoni. Ila usiizime kabla ya Sunrise. Ni Hannon akizungumza kuhusu nyumbani kwao, kisiwa ambako hata jina la mji wa kuzaliwa, Derry au Londonderry, linasema wewe ni wa upande gani. Albamu ilitoka miezi michache baada ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 1998, ule wa kumaliza vita vya Ireland ya Kaskazini, na ndani ya wimbo unausikia ule uchovu wa vita na tumaini la tahadhari.

Kwa mtu mzima, mwenye watoto na mwenye wazazi wanaozeeka, Absent Friends ya 2004 inaweza kuwa mlango mzuri kuliko yote niliyotaja. Wimbo wenye jina la albamu unawanyanyulia glasi walioondoka, wakiwemo Oscar Wilde, ambaye alisoma shule moja na Hannon pale Enniskillen, na Laika, yule mbwa wa Kisovieti aliyerushwa angani mwaka 1957 bila mpango wa kumrudisha. Our Mutual Friend ni kisa cha kulewa, kupenda na kusalitiwa usiku mmoja, violini zikikaza kamba kila ubeti. Ukishausikia huo hutaniuliza tena kwa nini watu wanamfuata.

Regeneration ya 2001 iache kwanza. Ilitayarishwa na Nigel Godrich, yule mtayarishaji wa bendi ya Radiohead, suti zikavuliwa, gitaa zikarudi. Si mbaya, ila haikuonyeshi bendi hii ni nini.

Kuhusu mikusanyo ya nyimbo bora, A Secret History ya 1999 na Charmed Life ya 2022, inafaa kwa anayekwenda Casanova, kwa sababu singo zake zinasimama peke yake. Kwa Promenade haisaidii. Kipande kimoja kilichong'olewa kwenye ile siku ya pwani hakikwambii chochote kuhusu siku yenyewe.

Zote zinapatikana kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki. Mwenye kupenda kushika kitu mkononi atafute matoleo ya mwaka 2020, albamu zilipotolewa upya kuadhimisha miaka 30, CD zikiwa na diski ya pili ya majaribio na nyimbo za ziada. Majaribio ya Promenade ni ya kuvutia kwa anayependa kujua wimbo hujengwaje. Ukimaliza zote mbili na ukataka zaidi, rudi nyuma hadi Liberation ya 1993, yenye nyimbo zilizochotwa kwa waandishi Fitzgerald, Chekhov na Wordsworth. Fanfare for the Comic Muse ya 1990, ile ya kwanza kabisa, ni ya gitaa tupu la vijana walioipenda bendi ya Marekani, R.E.M.; Hannon mwenyewe aliitoa sokoni kwa miaka mingi, na hujapoteza kitu ukiiwekea foleni ya mwisho.